Jina la Kuazimwa: Ndege Aitwaye 'Warbler' Huko Marekani

Mfasiri wa Kiswahili apewapo kitabu cha ndege wa Marekani hana budi kukwama kwenye neno 'warbler'. Neno hili huitwa jamii ya ndege wadogo wapatao spishi 115, wengi wao wenye uzito wa gramu kumi hivi, ambao madume yao wakati wa kuzaliana hupambika kwa rangi za manjano, machungwa, buluu na nyeusi. Asili ya neno ni kitenzi cha Kifaransa cha kale cha kaskazini, chenye maana ya kuimba kwa kutetemesha sauti. Basi mfasiri aweza kudhani kuwa kazi imekwisha: amwite ndege huyo mghani. Lakini awasikilizapo wenyewe atastaajabu, kwani wengi wao hawaghani hata kidogo; sauti zao ni nyembamba, kali, na baadhi yao hulia kama wadudu wa nyasini.

Sababu ya kasoro hii ni ya kihistoria. Jina hilo halikutungwa kwa ajili yao. Mwaka 1773 Thomas Pennant, mtaalamu wa viumbe kutoka Wales, alilitumia kwa ndege wadogo wa Ulaya, wenye rangi zilizofifia na sauti nzuri, ambao baadhi yao huja hata kwetu Kenya kuikimbia baridi ya kwao. Wasemao Kiingereza waliokuwa Marekani waliona ndege wadogo wa umbo kama hilo wakirukaruka majanini, wakawapa jina walilokuwa nalo tayari, ijapokuwa jamii hizi mbili hazina udugu wa karibu. Tusiwacheke upesi. Sisi nasi tulipoletewa mmea wa Marekani tuliuita mahindi, kana kwamba asili yake ni Bara Hindi.

Mtu aliyeacha alama kubwa kuliko wote katika majina haya ni Alexander Wilson. Alizaliwa Paisley, Uskoti, mwaka 1766, akawa mfumaji wa nguo na mtunzi wa mashairi, kisha akahamia Marekani mwaka 1794. Kitabu chake, American Ornithology, kilitoka kwa juzuu tisa kati ya 1808 na 1814. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1813 kabla ya kazi kukamilika. Mwaka 1810 alisafiri hadi kusini akiwa na bunduki na daftari. Ndege aliyempiga kwenye kingo za mto Cumberland alimpa jina la Tennessee, na mwingine akampa jina la mji wa Nashville. Kumbe wote wawili walikuwa wapita njia tu, wakielekea kuzaliana mbali kaskazini! Wa tatu alimwona katika mti wa magnolia. Kwa Kiingereza alimwita kwa rangi zake, nyeusi na manjano, lakini kwa Kilatini akatia neno magnolia, na hilo ndilo lililodumu, ingawa makao ya ndege huyo ni misonobari ya nchi za baridi. Ajabu zaidi ni yule wa Cape May, ambaye baada ya kupatikana huko hakuonekana tena mahali hapo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kwa hiyo majina haya hayatuelezi ndege anaishi wapi. Yanatueleza Wilson alisimama wapi. Wenyeji wa asili wa nchi hiyo waliishi na ndege hawa kabla ya mzungu yeyote kufika, lakini lugha zao zimeingia katika orodha hii kupitia majina ya mahali tu: Tennessee latokana na Tanasi, kijiji cha Wacherokee. Wala Kilatini hakikusalimika. Jina la kitaalamu la jamii nzima, Parulidae, latokana na udogoshaji wa parus, jina la ndege mwingine kabisa wa Ulaya.

Kwa maoni yetu, mfasiri na aliache neno 'mghani', amwite ndege kwa rangi au makao yake. Tukikopa kosa la Pennant tutakuwa tumekopa deni lisilo letu.

Wamarekani wenyewe wamelianza jambo hili kwa upande mwingine. Mwaka 1832 kasisi John Bachman alimpata ndege mmoja wa jamii hii karibu na Charleston, Carolina ya Kusini. Rafiki yake Audubon, ambaye hakuwahi kumwona ndege huyo akiwa hai, alimpa jina la Bachman mwaka uliofuata. Bachman aliandika kwamba wanadamu wote ni spishi moja, na papo hapo akautetea utumwa. Mnamo Novemba 2023 chama cha wataalamu wa ndege wa Marekani kilitangaza nia ya kubadilisha majina yote ya Kiingereza yaliyotokana na watu. Jina la Bachman lingeondoka, na la Wilson pia. Mwezi uliotangulia tangazo hilo, serikali ya Marekani ilikuwa imetangaza kumwondoa ndege wa Bachman katika orodha ya viumbe wanaohifadhiwa, kwa kuwa ametoweka duniani.