Saa tisa, saa ya kusali

Ushuhuda wetu tunaujua: zamani nilikuwa hivi, leo nimeokoka, ya kale yote nimeyatupa. Tena tunamfanya Paulo kuwa baba wa ushuhuda huo.

Lakini soma Matendo 22 polepole. Amesimama ngazini Yerusalemu, anasema kwa Kiebrania, na neno lake la kwanza ni kwamba yeye ni Myahudi. Hasemi alikuwa. Mwalimu wake Gamalieli anamtaja bila haya. Halafu mstari wa 17: alipotoka Dameski, tayari ameshaokoka, alikuwa akisali hekaluni. Ni humo hekaluni Bwana alimwambia kwamba atamtuma mbali, kwa Mataifa. Yaani kwetu.

Petro na Yohana vilevile. Pentekoste imepita, wamenena kwa lugha, na bado Matendo 3 inawakuta wakipanda hekaluni saa tisa. Sisi Waswahili hapo hatupigi hesabu, maana wao pia walihesabu saa tangu jua kuchomoza. Ni saa tisa hii hii, jua la Changamwe likiwa bado kali. Ndiyo saa ya dhabihu ya jioni, na hawakuiacha.

Je, Mataifa nao watahiriwe? Kikao cha Matendo 15 kilijibu: wasitwikwe mzigo huo.

Swali hilo lilizuka tena Uganda. Semei Kakungulu, jemadari Mganda na Mprotestanti aliyebatizwa, aliisoma Biblia mwenyewe, na mwaka 1919, karibu na Mbale, akatahiriwa pamoja na wanawe. Inasimuliwa kwamba aliambiwa hiyo ni desturi ya Wayahudi, akajibu: basi mimi ni Myahudi. Mwanzoni watu wake waliendelea kubatiza. Baadaye akafika Myahudi mmoja aitwaye Yosef, akawafundisha kalenda ya sikukuu, na mambo ya Kikristo yakaondolewa. Kakungulu alifariki mwaka 1928.

Simcheki mzee huyu. Alisoma kwa uaminifu kuliko wengi wetu. Ila naona alilazimika kuchagua kati ya mambo mawili ambayo Paulo aliyashika pamoja, na Matendo 15 ilikuwa imeshamfungulia mlango.

Nasi siku hizi tunapuliza pembe za kondoo na kujitanda shali za Kiyahudi ibadani. Sina ugomvi na pembe. Nauliza tu, wapendwa wa Likoni na Kisauni: saa tisa ya leo ilikukuta wapi?