Aliyeshika Ufunguo Ndiye Mlinzi



Sisi tuishio Temeke, Kigamboni na Kinondoni tunayafahamu Makao ya Taifa ya Watoto Kurasini na makazi ya wazee ya Nunge. Wengi wamewahi kupeleka huko mchele na sabuni wakati wa Kwaresima. Leo tutafakari swali lisiloulizwa mara nyingi: mtu akifa kwa uzembe ndani ya nyumba iliyo chini ya Serikali, iwe makao, bweni au mahabusu, nani atajibu?

Historia yetu ina jibu la kwanza. Mwaka 1976, watu waliokamatwa katika msako wa wauaji mikoani Mwanza na Shinyanga waliteswa, na baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, ingawa hakumtesa mtu. Tendo hilo lastahili sifa. Hata hivyo, kujiuzulu kwa waziri hakumlishi mjane.

Ili kudai fidia, mjane alihitaji mahakama. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali ya mwaka 1967 ilikubali kwamba Serikali hujibu kwa makosa ya watumishi wake. Lakini kifungu cha 6, kama kilivyorekebishwa mwaka 1974, kilimtaka mlalamikaji apate kwanza kibali cha waziri. Yaani mshitakiwa ndiye aliyeamua kama ashitakiwe! Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, ilitamka kwamba sharti hilo lakiuka Katiba. Mwaka 1994 Bunge likaliondoa, na badala yake likaweka notisi ya siku 90.

Mlango ulifunguliwa, lakini misiba haikukoma. Novemba 2002 mahabusu 17 walikufa kwa kukosa hewa katika chumba kilichosongamana huko Rujewa, Mbarali. Agosti 2009 wasichana 12 waliteketea bwenini Idodi, Iringa. Si kila kifo huzaa fidia: sharti ithibitike kwamba palikuwa na wajibu wa kulinda, wajibu ukapuuzwa, na kifo kikatokana na kupuuzwa huko. Lakini aliyefungiwa, mtoto wa makao na mzee asiyejiweza hawachagui chumba wala hawashiki ufunguo. Kwa hiyo wajibu wa anayewatunza ni mzito zaidi.

Katika misiba ya namna hii husikika haraka maneno kwamba ni mapenzi ya Mungu. Ndugu zangu, tuwe waangalifu. Mungu hakupanga kuwajaza watu chumbani hadi wakose hewa. Tukimbebesha Yeye uzembe wa wanadamu, tunawanyamazisha wafiwa na kuwaachia wazembe waendelee. Kaini alijaribu kuukana ulinzi wa ndugu yake, na Mungu hakuupokea utetezi huo.

Basi mfiwa anayeomba uchunguzi wa maiti, anayetunza barua zake na kumtafuta wakili, hakosi imani, anatetea uhai. Nasi Kanisa, tulio na mabweni na vituo vya yatima, tupimwe kwa kipimo kicho hicho. Tunapopeleka mchele, tuulize pia: usiku, ufunguo wa mlango huu hushikwa na nani?