Bei ya tangazo la bango katika tovuti ndogo: Hesabu ianzie gharama, iishie faida ya mteja

Na Mwandishi Wetu

SWALI la kwanza analoulizwa mwenye tovuti ndogo anapoingia dukani kuomba tangazo ni "shilingi ngapi?" Mara nyingi jibu lake hutokana na kuitazama sura ya mwenye duka na ukubwa wa shehena iliyoko nyuma yake.

Bei ya namna hiyo huwaumiza wote wawili. Ikiwa ndogo mno, tovuti hufungwa kimya kimya baada ya miezi michache. Ikiwa kubwa mno, mfanyabiashara hupoteza sehemu ya mtaji na hatarudi tena.

Tangazo la bango, yaani picha au maandishi yanayowekwa katika nafasi maalumu ya ukurasa, lilianza kupata umaarufu Oktoba 27, 1994 katika tovuti ya HotWired ya nchini Marekani. Kampuni ya simu ya AT&T inaelezwa kulipa dola 30,000 kwa nafasi yake ya miezi mitatu, na inasimuliwa kuwa watu 44 kati ya kila 100 waliokutana na bango hilo walilibofya.

Msomaji aone kwamba bei hiyo ilikuwa ya muda, kama pango la nyumba. Mtindo wa kulipia kila maonyesho elfu moja ulishika kasi baadaye, na mwaka 1996 kampuni ya Procter & Gamble ilikubaliana na Yahoo kulipia pale tu tangazo linapobofywa. Leo kiwango cha kubofya mabango ni kidogo sana, kwa kawaida chini ya mtu mmoja kati ya 100.

Hesabu za maelfu na za kubofya zinazifaa tovuti kubwa. Tuchukue mfano wa tovuti ya kufikirika inayoandika habari za Mtowisa, kata iliyoko katika Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya safu ya Lyamba lya Mfipa, wilayani Sumbawanga. Tuseme kurasa zake hufunguliwa mara 6,000 kwa mwezi.

Ikiuza kwa Sh 5,000 kila maonyesho elfu, bango moja litaingiza Sh 30,000 kwa mwezi. Ikiuza kwa kubofya, na wasomaji wawili katika kila maonyesho elfu wakabofya, itapata mibofyo 12. Kwa Sh 100 kila mmoja hiyo ni Sh 1,200, fedha isiyotosha hata bando la kuwatumia wateja picha za matangazo yao.

Wapo wanaoikimbilia huduma ya AdSense ya Google, iliyoanza mwaka 2003, ambayo huleta matangazo yenyewe bila mwenye tovuti kutembea dukani. Ni njia halali na rahisi. Hata hivyo, malipo hayatolewi mpaka mapato yafike dola 100. Tovuti yetu ya mfano, kama ingepata dola moja kwa kila kurasa elfu, ingekusanya dola sita kwa mwezi na kusubiri hadi mwezi wa 17 kufikisha kiwango hicho.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, tovuti ndogo iuze nafasi kwa mwezi, kama anavyotozwa mchuuzi mnadani. Anayepanga bidhaa zake chini ya mwembe hulipia eneo na siku, wala hakuna anayesimama pembeni kuhesabu wapita njia.

Hatua ya kwanza ni kujua gharama. Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, kadhalika nafasi kwenye seva. Bando, umeme na nauli ya mwandishi ya kupanda na kushuka mlima kati ya bondeni na Sumbawanga mjini ni vya kila wiki, na ndivyo vinavyosahaulika zaidi kwa kuwa hutoka mfukoni kidogo kidogo.

Gharama nyingine ni leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka watoa huduma hiyo, wakiwamo wenye blogu, kulipa Sh 100,000 za maombi, Sh 1,000,000 za leseni na Sh 1,000,000 nyingine kila mwaka. Juni mwaka huo, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwaagiza ambao hawajasajiliwa kusitisha huduma zao.

Ada ya mwaka peke yake ilikuwa sawa na zaidi ya Sh 83,000 kwa mwezi. Kwa tovuti inayouza bango kwa Sh 30,000, matangazo mawili yaliyojaa mwezi mzima yasingeifikia. Kanuni mpya zilitolewa mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022, hivyo anayepanga bei leo apate kwanza viwango vinavyotumika kutoka TCRA kwenyewe.

Tuseme sasa gharama zote za tovuti yetu ni Sh 120,000 kwa mwezi na ina nafasi nne za mabango. Kosa la kawaida ni kugawanya kwa nne na kupata Sh 30,000. Nafasi zote hazijai kila mwezi. Ikiwa kwa wastani wa mwaka ni mbili tu zinazouzika, bei ya chini kabisa ni Sh 60,000, na hapo mwenye tovuti bado hajajilipa hata senti.

Hatua ya pili ni kuuliza kama mteja anaweza kuirudisha Sh 60,000 hiyo. Mwenye saluni ya Mtowisa anayebakiwa na faida ya Sh 1,000 kwa kila kichwa atahitaji wateja wapya 60. Hatawapata, kwa kuwa wasomaji wengi wa tovuti ya aina hii yaelekea ni wenyeji wa bondeni wanaoishi Sumbawanga, Mbeya na Dar es Salaam. Huyo asiuziwe kwa bei hiyo. Ni afadhali apewe mstari mmoja wa bure kuliko kumtoza fedha ambayo haitarudi.

Mfanyabiashara wa mchele ni habari nyingine. Akibakiwa na Sh 200 kwa kilo, kilo 300 zinatosha kurudisha gharama ya tangazo, yaani magunia matatu ya kilo 100. Familia chache za mjini zinazojua ladha ya mchele wa bondeni na kuagiza kwa simu zinaweza kuyamaliza. Kwake tangazo lile lile lina thamani kubwa kuliko kwa mwenye saluni.

Kwa hesabu ya maelfu, Sh 60,000 kwa maonyesho 6,000 ni Sh 10,000 kila elfu, na wakala wa matangazo wa Dar es Salaam anaweza kuicheka. Acheke tu. Yeye hununua wingi wa macho, ilhali muuza mchele hununua watu walewale wanaolijua bonde lake.

Majira nayo yana nguvu. Rukwa hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Wauza mbegu na mbolea hutafuta wateja kuanzia Oktoba, na wanunuzi wa mpunga huanza kuzunguka baada ya mavuno. Miezi ya Februari na Machi ni mikavu kibiashara ingawa ardhi imelowa. Hapo mwenye tovuti asikate bei, maana mteja ataidai bei hiyo hiyo hata Julai. Aongeze muda: alipaye miezi miwili apewe wiki mbili za ziada.

Takwimu anazopewa mteja ziwe za kweli. Ukurasa mmoja wenye picha kumi unaweza kurekodiwa kwenye seva kama maombi 11, na wapo wanaoyatangaza maombi hayo kana kwamba ni watu. Roboti za mitandao ya kutafutia nazo huingia kwenye hesabu. Kinachopaswa kuonyeshwa ni kurasa zilizofunguliwa na wasomaji tofauti kwa mwezi, vikitenganishwa. Kipimo cha uhakika zaidi kwa mteja mdogo ni namba ya simu inayotumika kwenye bango hilo tu.

Kuhusu kodi, mwenye tovuti ambaye hajasajiliwa kwa VAT haruhusiwi kumwongezea mteja asilimia 18. Aidha, ajue kwamba kampuni au taasisi inayolipia huduma kwa kawaida hukata kodi ya zuio ya asilimia 5, hivyo katika Sh 60,000 atapokea Sh 57,000 pamoja na hati ya makato.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja: nafasi ya bango, vipimo vyake, tarehe ya kuanza na kumaliza, na malipo ya mwezi wa kwanza kabla bango halijawekwa. Iwapo tovuti itazimika kwa siku tatu, tangazo liongezwe siku tatu bila mteja kuomba.