Udi wa Sukari Katika Njia ya Tabora

Mila ya kujifukiza udi iliingia eneo la Unyanyembe pamoja na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliojenga matembe yao Kazeh, Tabora ya leo, katika karne ya 19. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika hapo Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne njiani kutoka pwani, wakapokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani.

Vijiti vya udi halisi vilitoka Asia na kupitia Unguja, na bei yake haikuwa ya kila mtu. Udi wa kupika, yaani udi wa sukari, ulitanua kidogo kilichopatikana. Sukari huchemshwa mpaka iwe shira nzito, ikatiwa unga wa udi na marashi ya waridi, na kwa mwenye uwezo, miski na ambari. Kipande kidogo huwekwa juu ya kaa ndani ya chetezo, na anayejifukiza hutega nguo, nywele na shingo kwenye moshi.

Mwanzoni hutawala sukari inayoungua, tamu kama halua ikiwa bado jikoni. Joto la mwili hupeperusha upesi chembe nyepesi za waridi. Zile nzito za mti na miski hung'ang'ania, hasa kwenye nguo, ambayo kwa kweli hutunza harufu kuliko ngozi. Kinachonukia kesho yake ni mti, wala si sukari.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na bidhaa za pwani, udi ukiwemo, zikaacha kutegemea mabega ya wapagazi.