Asili, Marekebisho na Jina la Mtunzi

Kila niwasikiapo wanafunzi wa Mbwara, wilayani Rufiji, wakiimba "Mungu Ibariki Afrika", hukumbuka safari ya wimbo huo. Enoch Sontonga aliutunga Afrika Kusini mwaka 1897. Mwaka 1927 Samuel Mqhayi akauongezea beti saba. Mwaka 1961 Tanganyika ikauvika maneno ya Kiswahili. Hakuna aliyedhulumiwa, maana mtunzi wa asili anajulikana.

Sivyo yalivyomfika Tchaikovsky wa Urusi. Mwaka 1877 alimkabidhi mpiga sello Wilhelm Fitzenhagen utungo wake wa sello na okestra, wenye vipande vinane vinavyoigeuza tuni moja. Fitzenhagen hakuishia kurekebisha sehemu ya sello. Alivipangua vipande na kukifuta cha nane. Toleo hilo ndilo lililochapishwa kwa jina la Tchaikovsky, naye akaacha lipite. Asili yake ilisikika Moscow mwaka 1941, baada ya watafiti kuyasoma yaliyofunikwa na wino.

Hata leo wapigaji wengi hulichagua toleo la Fitzenhagen, nami siwalaumu. Pengine ni tamu zaidi. Lakini siku hizi huchagua wakijua.

Kurekebisha si dhambi. Dhambi ni kuizika asili na kuliacha jina la mwenyewe juu ya kaburi. Enyi watumishi wa umma mnaoandika mihtasari ya mikutano ya vijiji, mkiinyoosha kauli ya mwananchi, ihifadhini pia kama alivyoitamka. Asije mjukuu wake akaitafuta haki chini ya wino.