Saratani ya Damu Inapojificha

 

Leo tunazungumza juu ya saratani ya damu, ambayo hospitalini utasikia ikiitwa lukemia. Mama, ukisikia "ya damu" utadhani inakaa kwenye damu peke yake. Sivyo. Ugonjwa huu unaweza kujitokeza nyuma ya jicho, kwenye ufizi, kwenye ubongo, hata kwenye korodani za mtoto wa kiume. Madaktari walichukua zaidi ya miaka 100 kuyafahamu hayo, na historia yao ina mafunzo kwetu sisi tunaolea watoto.

Mwaka 1811, daktari mpasuaji wa Glasgow, Uskoti, aitwaye Allan Burns, aliandika habari za uvimbe wa ajabu kichwani mwa mgonjwa. Ulikuwa wa rangi ya kijani. Hakujua umetoka wapi, kwa sababu siku hizo hakuna aliyejua kuna saratani ya damu.

Mwaka 1845, John Hughes Bennett wa Edinburgh na Rudolf Virchow wa Berlin, kila mmoja kivyake, walichunguza miili ya wagonjwa waliokufa bandama zikiwa zimevimba sana. Damu yao ilikuwa imejaa chembechembe nyeupe kupita kiasi. Bennett alidhani ni usaha. Virchow alisema huu ni ugonjwa wa damu yenyewe, na mwaka 1847 akauita lukemia, maana yake damu nyeupe. Mwaka 1853 ule uvimbe wa kijani nao ukapewa jina lake, kloroma.

Kwa muda mrefu yalionekana kuwa magonjwa mawili tofauti. Mwaka 1893 ndipo daktari wa Marekani, George Dock, alipoonyesha kwamba yana uhusiano. Chembechembe mbaya hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, kisha nyingine huhama na kukusanyika mahali pengine mwilini. Ule ukijani hutokana na kimeng'enya kilichomo ndani ya chembechembe hizo. Lakini, mama, usingoje kuona rangi. Kwa nje huenda usiione, na si kila uvimbe wa aina hii ni wa kijani.

Hapa kwetu Afrika Mashariki jambo hili linajulikana. Mwaka 1965, madaktari J. N. P. Davies na Raphael Owor waliandika kuhusu watoto wa Uganda waliokuwa na uvimbe wa namna hii. Mara nyingi hukaa kando ya jicho au nyuma yake, jicho likaanza kutokeza nje. Mzazi huja kutafuta matibabu ya jicho, damu ikapimwa, na hapo ndipo lukemia inapojulikana. Pengine uvimbe hutangulia, na damu ya kwanza haionyeshi kitu. Kwa hiyo kama uvimbe haupungui, rudi hospitalini hata kama uliambiwa damu ni nzuri.

Mahali pa pili pa kujificha ni kwenye ubongo. Mwaka 1948, Sidney Farber wa Boston aliripoti kwamba alikuwa amewapa dawa watoto 16 wenye lukemia, na 10 kati yao wakapata nafuu. Lakini nafuu hiyo haikudumu. Miaka iliyofuata, dawa zilipoboreshwa, damu ilisafishika, mtoto akacheza, kisha ugonjwa ukarudi. Mara nyingi ulirudi kwenye utando wa ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo dawa hazifiki vizuri.

Hospitali ya St. Jude ilipofunguliwa mjini Memphis mwaka 1962, Donald Pinkel na wenzake waliamua kutibu maficho hayo mapema, kabla ugonjwa haujarudi. Walitumia miale kichwani na dawa ya kudungwa mgongoni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960, karibu nusu ya watoto katika matibabu hayo walikuwa wanapona. Leo miale hiyo hutumika mara chache tu, lakini sindano ya mgongo bado ipo. Katika nchi tajiri, takriban watoto 9 kati ya 10 wenye aina ya lukemia inayowapata watoto zaidi huishi.

Basi, mzazi, ukiambiwa mtoto atadungwa mgongoni, usimtoroshe ukidhani atapooza. Dawa inafuatwa huko kwa sababu ugonjwa hujificha huko. Na mtoto akinenepa na kurudi kucheza, usikatize matibabu. Yanaweza kuchukua miaka miwili au zaidi.

Macho mengi yanayovimba ni maambukizi ya kawaida. Lakini mpeleke mtoto hospitalini haraka ukiona jicho linatokeza, ufizi umevimba au unatoka damu, au korodani imevimba bila maumivu. Vivyo hivyo akipauka, akiwa na homa isiyoisha, alama za damu kwenye ngozi bila kuumia, au maumivu ya mifupa yanayomfanya akatae kutembea. Mwambie muuguzi dalili zote, hata zile unazodhani hazihusiani, na uulize kuhusu kupima damu. Usiukande uvimbe wala kuuchanja. Mtoto hajarogwa, hawezi kuambukiza wenzake, na wewe mama huna kosa.

Matibabu yapo hapa Kenya, kama vile katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, na hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret. Ukipewa barua ya rufaa, usiiweke kabatini. Nenda wiki hiyo hiyo.