Irabu na Karatasi: Utunzaji wa Miswada ya Muyaka

Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840, na kwa takriban nusu karne tungo zake nyingi zilidumu katika kumbukumbu za wazee wa Mombasa. Aliyezikusanya na kuzitia katika hati ya Kiarabu ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi (aliyefariki 1890), akishirikiana na mmisionari Mwingereza William Taylor. Karatasi za Taylor zimehifadhiwa SOAS, London. Msomaji wa kawaida, hata hivyo, alizipata tungo hizo kupitia diwani iliyohaririwa na William Hichens mwaka 1940 kwa hati ya Kirumi.

Baina ya karatasi na diwani pana hatua ambayo wahakiki aghalabu huipuuza. Hati ya Kiarabu, jinsi ilivyotumiwa na waandishi wengi wa pwani, haikutenganisha /i/ na /e/, wala /u/ na /o/. /P/ nayo mara nyingi iliandikwa kwa herufi ya /b/. Kwa hiyo umbo moja laweza kusomwa “pita” au “peta”. Mhariri huchagua, kisha chaguo lake huchapwa kana kwamba ndilo neno la mshairi. Maadamu karatasi ipo, uamuzi huo waweza kupingwa. Ikiliwa na mchwa, kosa la mhariri hugeuka kuwa matini.

Jadi ya pwani ilikuwa na utunzaji wake: kunakili. Muhamadi Kijuma wa Lamu (aliyefariki 1945), fundi wa nakshi na mwandishi wa hati, alinakili tendi kadhaa, zikiwemo alizoagizwa na wataalamu wa Ulaya. Kunakili huokoa utungo, lakini kila mnakili pia ni msomaji, naye huacha alama yake. (Nani atajua ni ubeti upi uliorekebishwa?) Makavazi hushughulikia kile ambacho mnakili hakukijali: unyevu, mwanga, wadudu, wino unaokula karatasi.

Picha za kidijitali zimewapunguzia watafiti safari, na irabu yenye utata yaweza kuchunguzwa Nairobi. Lakini picha ya kawaida haionyeshi alama ya kiwanda iliyomo ndani ya karatasi, ambayo huonekana ukurasa ukiinuliwa mbele ya mwanga na husaidia kukadiria umri wa mswada. Kwa uchunguzi huo, mtafiti wa Muyaka bado huhitaji kuufikia ukurasa wenyewe, nao hauko Mombasa.